Kabla familia ya Nyarugusu haijatua Winnipeg

Kasulu, Kigoma
19 Oktoba

Pacha wangu,

Hujambo na baridi ya huko Kanada? Sisi huku mvua zimeanza, barabara ya Makere imeshakuwa tope, na mimi nina mafua, ila si ya kulalamikia. Mama anakusalimu. Anasema bado anakudai kikapu chake ulichoondoka nacho.

Sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili. Nilianza kukujibu kwa sauti nikaona bando litaisha na maneno yatabaki, ndiyo maana nimekaa na daftari. Unasema kanisani kwenu mmechangishana, mmepata nyumba, na familia ya watu saba kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa kwetu, inaingia mwezi ujao. Sasa wazungu wenu wamekugeukia wewe kwa kuwa unajua Kiswahili na umezaliwa Kasulu, wanakuuliza watu hao wanahitaji nini. Nimecheka kidogo. Wewe uliondoka hapa ukiwa na miaka 19 na kambini hukuwahi kuingia! Mimi nimeuza mawese miaka sita pale soko la pamoja, la wakimbizi na sisi wenyeji, basi ngoja nikupe ninachokijua.

Kwanza umri wa jambo lenyewe. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita ilipowasukuma watu wa Kivu Kusini, Kongo, kuvuka Ziwa Tanganyika. Wabembe, Wafuliru, Wavira, walikuja wakidhani ni kwa msimu mmoja. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni baba au mama wa watu, na huenda hajawahi kulala nje ya kambi labda akiwa hospitali. Huyo mwanamume mtakayemsubiri uwanja wa ndege pengine amekua kwa mgao: siku ya unga, siku ya dengu, siku ya sabuni. Kutoka kambini ni kwa kibali. Kuwa na shamba lako, hapana. Wengi walikuwa wanatoka kimyakimya kutulimia sisi mashamba yetu, kwa ujira ambao mtu wa kijijini angeukataa, halafu jioni tunakaa tunasema wakimbizi wavivu, wanakula vya bure. Nakwambia haya usije ukasimama mbele ya kanisa ukasema Watanzania tuliwapokea kwa mikono miwili. Mkono mmoja tuliwapa, kweli. Wa pili tulikuwa tumeushikia kuni zetu, maana ugomvi mkubwa wa vijiji na kambi ulikuwa huo, kuni, na walioumia zaidi ni wanawake waliokwenda kuzitafuta.

Mama mkwe wangu ana hadithi nyingine. Yeye ni wa wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Wao walipewa ardhi. Walifyeka pori, wakalima mahindi na maharage mpaka wakawa wanawauzia wenyeji, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamekubaliwa uraia. Ukimuuliza mama juu ya msaada hakumbuki sana. Anachokumbuka ni gunia la kwanza la mahindi waliloliuza, na baba yake alivyohesabu zile hela mara tatu. Kati yake na wateja wangu wa Nyarugusu mimi sioni tofauti ya bidii. Naona ekari tu.

Lakini nakuomba sana, ile methali ya mgeni na jembe usiitaje kwenye hotuba yako. Kila anayeitaja anakimbilia siku ya tatu, zile mbili za mwanzo anaziruka.

Unakumbuka mwaka 2015, Warundi walipojaa Kagunga? Wewe ulikuwa umeshaondoka, uliona kwenye taarifa. Kile kijiji cha wavuvi, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna, kikalala na maelfu kwa maelfu ufukweni. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ndiyo iliyokuwa inawabeba mpaka Kigoma mjini, kisha wanapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupandishwa mabasi kuja huku Kasulu. Mimi nilikuwa mjini kufuata mawese, nikajiunga na akina mama wa jumuiya waliokuwa wanapeleka uji. Tulipika sufuria tatu tukajiona watakatifu. Nikamkaribia mama mmoja na kikombe, akatikisa kichwa. Nikamwambia kwa Kiha, kunywa, una mtoto mgongoni. Akanijibu kwa Kirundi, na unajua lugha hizi zinavyosikilizana, kwamba uji ameshapewa na watu wanne. Alikuwa anataka mahali pa kuoga na kipande cha kanga, maana alikuwa kwenye siku zake tangu kwenye meli na hakuna aliyemuuliza. Pacha, niliona haya mpaka leo. Tulikuwa wanawake kumi na wawili pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelifikiria jambo hilo.

Kwa hiyo swali lenu la "wanahitaji nini" msiniulize mimi, waulizeni wao, na muulize mama peke yake, mbali na mumewe na mbali na mchungaji.

Sasa nikupe ya huko huko kwenu. Nina mteja wangu wa zamani, Mbembe wa Fizi, huko Kivu Kusini, alinunua mawese kwangu kwa mkopo mpaka tukawa ndugu. Yuko Edmonton sasa, alipokelewa na kikundi kama chenu. Huwa ananipigia Jumapili, na wiki iliyopita nilimuuliza kwa ajili yako: kitu gani walikufanyia kikakutuliza, na kipi kilikuudhi?

Kilichomtuliza ni ufunguo. Walifika usiku, wakaonyeshwa nyumba, na yule mzee aliyewapokea akamkabidhi yeye ufunguo mmoja na mumewe mwingine, kisha akasema, "Mimi sina wa tatu." Akaondoka, wakalala. Kesho yake hakuna aliyekuja mpaka mchana. Anasema kambini mlango wao ulikuwa turubai, na kila mwenye kitambulisho shingoni alikuwa anaufunua bila hodi. Usiku ule alifunga, akafungua, akafunga tena, mpaka mumewe akamwambia alale.

Kilichomuudhi ni picha na maswali. Jumapili ya kwanza tu walisimamishwa mbele ya kanisa, wakapigwa picha na watoto, halafu kwenye chai bibi mmoja mwenye moyo mzuri kabisa akamuuliza ni nani katika familia yake aliuawa. Kwa upole, na biskuti mkononi. Hayo ameshayasimulia mara ngapi? Aliyasimulia kwa wa serikali, akayarudia kwa UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kisha ofisi baada ya ofisi, miaka, na kila mara wanalinganisha kama tarehe zimekaa sawa. Waambie watu wako wasiulize kabisa. Akitaka kusema atasema akiwa anamenya viazi, na atamwambia mtu mmoja.

Jambo jingine la tarehe, usishangae ukikuta kwenye karatasi nusu ya familia wamezaliwa 1 Januari. Asiyeijua siku yake aliandikiwa hiyo. Mkileta keki, muulize kwanza kama anaitambua.

Chakula cha siku ya kwanza kiwe ugali, wao wanauita bugali, na majani ya muhogo, yaani sombe, na dagaa ukipata. Unasema kuna duka la Kiafrika, basi nunua mawese, ila angalia yasiwe yale mekundu ya rangi tu yasiyo na harufu. Usijaze friji vitu wasivyovijua, wataona aibu kuvitupa na hawatavila. Nguo vilevile. Mifuko ya mitumba mnayokusanya naielewa, lakini koti la baridi mpelekeni dukani achague mwenyewe, hata akichagua baya. Wamevaa walichopewa tangu utoto.

Na Kiswahili chako, pacha. Watakwambia "aksanti", watakwambia "mutoto", watasema "minasikia njaa". Usiwasahihishe! Nakujua wewe, ulikuwa unamsahihisha hata mwalimu. Ukitaka kuwasaidia kwa lugha, nenda nao hospitali. Watoto watashika Kiingereza ndani ya miezi michache, na kila mtu atawageuza wakalimani, mpaka binti wa miaka kumi na moja anamtafsiria mama yake maneno ya daktari wa uzazi. Hilo lizuieni mapema.

Halafu fedha, hapa ndipo vikundi vingi vinapogombana. Ninyi mmeahidi kuwatunza mwaka 1. Lakini hawaji na sifuri, wanakuja na deni, kwa sababu nauli ya ndege kwa kawaida ni mkopo wa serikali ya Kanada na wanatakiwa kuurudisha. Mteja wangu hakulielewa hilo vizuri mpaka barua ilipofika. Na mwezi wa pili au wa tatu mtashangaa: mmempa ya matumizi, yeye kakata nusu katuma Nyarugusu. Mtu wa kamati atasema, hizi tumewachangia wao, si ukoo wao. Mjibu kwa upole kwamba huko kambini kuna bibi, na mgao umepunguzwa mara kadhaa, na mtu hawezi kula akashiba akijua simu italia. Mimi hapa Kasulu nimeziona hizo hela zikifika. Ndizo zinazonunua mahindi yetu.

La haraka kuliko yote usilisahau: muulize kama kuna mume, mke au mtoto waliyemwacha nyuma. Ikiwa walimtaja kwenye fomu kabla ya kuondoka, wana mwaka 1 tu tangu kufika wa kumwombea awafuate kwa njia ya mkato. Mteja wangu alikuwa na kijana aliyepotezana nao, aliambiwa habari hiyo mwezi wa kumi na moja. Walikimbia mbio za mauti wakawahi.

Nimalizie na jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue daftari. Mwaka wa kwanza wa biashara yangu, huyo mteja alinikaribisha kwake nikale. Nyumba ya matofali mabichi, mkeka, sahani ya bugali imefunikwa kitambaa. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa, lakini moyoni niliona ni dhambi kula mgao wa mkimbizi. Akanitazama, akasema, "Weye unaona chakula ya mukimbizi iko na sumu?" Siku hiyo hakununua mawese, wala wiki iliyofuata. Ilibidi nirudi mwenyewe, nikabisha hodi, nikasema nina njaa. Alinipakulia bila neno, nikala mpaka nikalamba vidole, na ndipo undugu ukaanza. Mpaka siku ile nilikuwa namuuzia na kumkopesha, namhurumia pia, na yeye hakuwa na pa kunishika.

Kamati yenu imegawana kazi vizuri, nimesikia: wa shule, wa benki, wa basi, wa kuwafundisha baridi. Safi sana. Lakini katika orodha yote uliyonisomea hakuna mahali ambapo wao wanawafanyia ninyi kitu. Mama yule huenda anajua kuimba kuliko kwaya yenu nzima, wale wa Fizi sauti wanazo. Baba huenda ni fundi cherehani au mwalimu. Shule za kambini zilifundishwa na wakimbizi wenyewe. Siku akikwambia njoo ule, hata kama ni sahani moja ya watu saba, usiseme umeshiba. Na wazungu wako waje na matumbo matupu.

Mumeo msalimie, na yule mtoto aliyeanza kutembea. Kikapu cha mama usikitume, posta ni ghali kuliko kikapu.

Halafu nisaidie jambo moja. Soko la pamoja lilipofungwa, kuna watu waliobaki na mawese yangu. Mkishazoeana, muulize huyo mama kama alikuwa anapita kwa yule Muha mnene aliyekaa karibu na wauza ndakala, yaani dagaa. Akicheka, ujue ni mmoja wao. Mwambie nimesema hela siitaki, deni alilipe kwako kwa sombe.

Ni mimi pacha wako wa kitanda cha chini.