Ya kushukia na ya kupandia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Ngamiani hapa Tanga, na kinachonileta ni neno moja lililonitia hasara ya siku tatu za kazi.

Mwaka jana mteja alinipigia simu kutoka Dar es Salaam: "Fundi, mtengenezee mama reli ya ngazi." Nikaenda kwa mama yake. Nyumba ya ghorofa, ngazi ya zege yenye vidato 16, ukipanda ukuta uko kulia, kushoto pako wazi. Kwetu mafundi, mtu akitaja reli ya ngazi tunaelewa ule uzio mzima wa upande ulio wazi: nguzo, nondo za kusimama, maua kama mwenye nyumba anayapenda, na bomba la juu. Nikapima, nikakata, nikachomelea. Nondo nilizipanga zisiachane zaidi ya sentimita 10, kichwa cha mjukuu kisije kikapenya. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, na maua nikayatia dhahabu kidogo. Ilipendeza, sitasema uongo.

Mama akatoka chumbani juu kuja kuikagua. Hapo ndipo nilipojua kuwa aliwahi kupatwa na kiharusi na mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Akaishika reli kwa mkono wa kulia, akashuka taratibu mpaka chini. Akageuka, akaitazama ngazi. Kulia kwake sasa ukuta mtupu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii umenitengenezea ya kushukia. Ya kupandia iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwanawe alisema reli, nami nikafanya reli, wala hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tatizo ni kwamba neno hilo moja tumelibebesha vitu viwili. Kuna uzio, kazi yake ni kuzuia mtu asidondoke pembeni. Na kuna kile cha kushika, ambacho kinaweza kukaa ukutani peke yake bila uzio wowote. Mama yule alihitaji hicho cha pili, na mimi na mwanawe hatukuwa na jina lake.

Basi nikamtengenezea. Bomba la mviringo la inchi moja na nusu, maana likiwa nene zaidi vidole vya mzee havilizunguki. Kimo sentimita 90 kutoka kwenye kidato. Nililiachisha na ukuta sentimita 5, vifundo vya vidole visikwaruzwe na lipu. Kule juu nililipitisha kidato cha mwisho kwa sentimita 30, kwa sababu mtu aliyechoka hukosea kuhesabu vidato, na mkono ukikosa cha kushika mapema mwili hufuata. Ncha zote mbili nilizikunja ziingie ukutani. Vijana wengi huziacha wazi, na ncha iliyo wazi hunasa mkono wa baibui au pindo la kanga, ikawa kile kilichowekwa kuzuia mtu asianguke ndicho kinachomwangusha.

Sasa kiitweje? Neno "reli" mimi siligombi, lakini hapa Tanga lina mwenyewe tangu Wajerumani walipoanza kujenga njia ya treni mwaka 1893, na siku hizi limeongezewa hata pazia. "Kishikizo" nimelisikia, ila mwambie fundi cherehani uone atakachofikiria. "Kishikio" ni cha ndoo na mlango. "Kizuizi" ni cha polisi barabarani.

Mimi nasema tuite mkono wa ngazi. Si maneno ya karakana tu. Tuna mkono wa kiti, mkono wa shati, mkono wa mto, hata ndizi tunaiita mkono wa tembo. Kiswahili kimezoea kuvipa vitu mikono. Kijana wangu wa kazi amenipinga, anadai watu watadhani ni ngazi iliyogawanyika njia mbili. Hoja yake nimeisikia, ila tangu tuanze kubishana hajaleta neno lake. Uzio ubaki kuwa reli kama watu walivyozoea, nao mkono uwe mkono. Ndugu zetu wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililopo tangu 1967, wakiona kuna neno bora zaidi walitangaze, na mimi nitakuwa wa kwanza kulichora kwenye kibao changu. Nisichotaka ni kuletewa tena michoro iliyoandikwa "reli" mahali pote, fundi abaki kubahatisha.

Kwenye risiti zangu nimeshaanza. Wiki iliyopita niliandika "mkono wa ngazi, mita 4". Mteja akasoma, akacheka, kisha akaniuliza, "Fundi, mkono mmoja unatosha au niweke miwili?" Nikamuuliza nani anakaa nyumba hiyo. Akasema baba yake, na anatembelea mkongojo. Nikamuuliza anaushika kwa mkono gani. Hakujua. Akatoka nje kumpigia simu mzee, nami nikasubiri kukata bomba.

Wako,
Fundi wa Kuchomelea,
Ngamiani, Tanga