Tunajua, lakini kwa masharti gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako kuhusu vile visanduku vya "Je, Wajua?" vinavyojaza pembe za magazeti, kisha vikarushwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka chanzo chake kikapotea. Sina ugomvi na mshangao. Ugomvi wangu ni na habari inayokatwa kichwa na miguu ili itoshe mistari miwili: inabaki tamu masikioni, ila msomaji akienda kuijaribu inamwumbua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa maji ya moto kuganda haraka kuliko ya baridi. Huandikwa hivyohivyo, na jina la Erasto Mpemba likafuata. Jina ni sahihi. Mwaka 1963 Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliingiza kwenye friza maziwa yenye sukari yakiwa bado ya moto, wakati mwenzake aliweka ambayo hayakuchemshwa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazitomazito. Baadaye, alipokuwa shule ya Mkwawa, swali hilo alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha katika jarida la Physics Education.

Kisanduku huishia hapo, na ndipo jambo lenyewe linapoanza. Osborne alitumia maji mililita 70, ndani ya bilauri za maabara za mililita 100, akaziweka juu ya kipande cha povu gumu la plastiki. Alichopima ni muda wa maji *kuanza* kuganda. Yaliyochelewa kuliko yote yalikuwa ya nyuzi 25 hivi. Yaliyoanzia karibu na nyuzi 90 yalitangulia mbali. Neno "kuanza" ndilo linaloangushwa kila habari hii inaponakiliwa, na bila neno hilo watu wawili wanaweza kubishana siku nzima huku kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Tazama hesabu ya joto. Kilo moja ya maji ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi 0 hutoa takriban kilojuli 334. Ikishafika 0 bado ni maji, na lazima itoe kilojuli 334 nyingine ndipo iwe barafu tupu. Kwa hiyo kufika nyuzi 0, kuonyesha utando wa kwanza wa barafu, na kuwa bonge gumu hadi katikati ni mambo matatu yanayoweza kupishana kwa muda mrefu. Anayefungua friza, akaona utando juu na kutangaza mshindi, hajui ndani kuna nini.

Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima muda wa kufika nyuzi 0 na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kukosea mahali pa kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kunatosha kuzalisha "mshindi" asiyekuwepo. Hilo halifuti alichokiona Mpemba. Linasema tu kwamba swali ni gumu kuliko mistari miwili.

Kwa anayetaka kujaribu, au mwalimu anayetaka kulipeleka darasani, haya ndiyo yanayoharibu matokeo. Usipime maji kwa jagi, pima kwa mizani: lita moja ya maji ya nyuzi 80 ina uzito wa gramu 972 hivi, ya nyuzi 20 gramu 998, kwa hiyo anayetumia jagi ameshampa wa moto punguzo la gramu 26 kabla mbio hazijaanza. Chemsha maji yote, kisha sehemu moja iache ipoe, kwa sababu kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani, na huwezi kulinganisha yaliyochemshwa na yaliyotoka bombani moja kwa moja ukadai tofauti ni joto peke yake. Weka chombo juu ya povu au ubao. Chombo cha moto kikikaa juu ya barafu nyembamba ya friza huiyeyusha, kinanata sakafuni na kuanza kupozwa kwa chini kwa kasi, huku cha baridi kikiwa kimeketi juu ya barafu ileile kama juu ya blanketi. Viwili visiingie pamoja, maana cha moto humpasha jirani yake na kuiamsha mashine ifanye kazi zaidi. Ingiza kimoja kimoja, mahali palepale, kipimajoto kwa kina kilekile.

Yapo mawili ambayo hata mwangalifu husahau. La kwanza ni mvuke. Maji yaliyoachwa wazi hupoteza joto jingi kwa kuvukiza. Kama yangepoa kutoka nyuzi 100 hadi 0 kwa njia hiyo tu, karibu asilimia 16 yangekuwa yamekwenda hewani, hivyo wa moto anamaliza mbio akiwa na mzigo mwepesi kuliko alioanza nao. Pima uzito mwanzo na mwisho, kisha rudia na vyombo vyenye mifuniko. La pili ni ukaidi wa maji safi: yanaweza kushuka chini ya 0 kwa nyuzi kadhaa bila kuganda, yakisubiri chembe ya vumbi au mtikiso, kisha yakaganda kwa ghafla. Lini yataamua, ni bahati. Ndiyo maana jaribio moja halina maana. Fanya angalau kumi, uandike yote, pamoja na yale yasiyokupendeza.

Maji ni salama. Ukikosea hupotezi kitu. Asali ni habari nyingine. "Asali haiozi kamwe" ni kweli kwa asali iliyoiva na kufunikwa vizuri, yenye maji asilimia 17 au 18. Sukari iliyosongamana kiasi hicho huwafyonza vijidudu maji yao. Kuna na asidi, na kuna kimeng'enya kinachotoka kwa nyuki ambacho, asali ikichanganywa na maji kidogo, hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Lakini asali hunyonya unyevu wa hewa. Acha chupa wazi, au chota kwa kijiko chenye maji, na kiasi cha maji juu yake kikipita kama asilimia 20 hamira ya asili iliyolala humo inaamka: mapovu, harufu ya uchachu, kifuniko kinachotuna. Hiyo imeharibika, iwe kisanduku kimesema nini. Iliyoganda chembechembe haijaharibika wala si ushahidi kwamba imechakachuliwa, ni glukosi tu iliyojitenga. Tumbukiza chupa katika maji ya nyuzi 40 hivi na usubiri. Jikoni moja kwa moja utaunguza ladha na kimeng'enya chote.

Ninachokihofia zaidi ni hiki: mtu aliyesoma kwamba asali haina vijidudu humlambisha mtoto mchanga. Asali huweza kubeba spora, yaani vijimbegu vilivyolala, za bakteria Clostridium botulinum. Kwa mtu mzima hupita bila madhara. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, ambaye utumbo wake haujakomaa, huweza kuota na kutoa sumu: choo kinafunga, kilio kinafifia, kunyonya kunakuwa shida, shingo na viungo vinalegea. Kuipasha moto kwanza hakusaidii, spora hizo hazifi kwa moto wa kawaida wa jikoni. Gazeti likichapisha sentensi ya kwanza bila hii ya pili, limefanya kosa ambalo marekebisho ya kesho hayawezi kulifuta.

Upande wa historia, kisanduku kinachorudiwa mno ni cha vita vifupi kuliko vyote duniani, Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896. Dakika 38, husemwa, na mara nyingine 45. Tofauti hutegemea unaanzia wapi na unaishia wapi kuhesabu. Mizinga ya meli za Waingereza ilianza saa 3:02 asubuhi. (Wanaotafsiri kwa haraka huandika "saa 9:02", na msomaji wa Kiswahili akabaki anajiuliza saa tisa gani hiyo ya asubuhi.) Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Uingereza, ambayo ilimtaka Hamoud bin Mohammed, na Khalid akapewa hadi saa 3:00 kuondoka. Hakuondoka. Sasa soma kisanduku chochote kuhusu vita hivyo uone kama kimetaja kwamba upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili alijeruhiwa mwanamaji mmoja. Jengo lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa na limejaa watu. Dakika 38 si kichekesho. Ni kipimo cha tofauti ya silaha, na bila ile namba 500 habari yote imepinda.

Kuhusu Kleopatra, malkia wa Misri, kuishi karibu zaidi na safari ya mwezini kuliko na ujenzi wa Piramidi Kuu, hiyo ni sahihi: piramidi ni ya mnamo 2560 KK, yeye alikufa mwaka 30 KK, na binadamu alikanyaga mwezi 1969. Angalizo dogo kwa wanaojumlisha: hapakuwa na mwaka sifuri, kwa hiyo kutoka 30 KK hadi 1969 ni miaka 1,998, si 1,999. Na ile ya kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo ifutwe kabisa. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hula karibu asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa amepumzika. Mwili hauwezi kulipa gharama hiyo kwa kitu kisichofanya kazi.

Ukuta Mkuu wa China kuonekana kwa macho kutoka anga za juu nao ulichapishwa kabla mtu yeyote hajafika huko. Mwanaanga wa China Yang Liwei aliporudi mwaka 2003 alisema hakuuona. Msomaji hahitaji roketi kulipima hili. Chora mistari miwili myeusi kwenye karatasi nyeupe, iachane milimita 1, ibandike ukutani penye mwanga na urudi nyuma polepole. Mwenye macho mazuri ataanza kuiona kuwa mmoja akifika kama mita 3.4, yaani mara 3,400 ya ule mwanya. Igeuze hesabu hiyo kwa kilomita 400, kimo cha kituo cha anga za juu, utapata kama mita 118. Ukuta wenyewe una upana wa mita chache. Kutoka mwezini, kilomita 384,000, kitu kingehitaji upana unaozidi kilomita 110. Kwa haki lakini, mstari mrefu unaopingana sana na rangi ya nyuma yake huweza kuonekana hata ukiwa mwembamba kuliko kiwango hicho. Ndiyo maana tunaona waya wa umeme dhidi ya anga jeupe kutoka mbali sana. Shida ya Ukuta ni kwamba kwa sehemu kubwa umejengwa kwa udongo na mawe ya palepale, una rangi ya mahali uliposimama.

Najua jibu la chumba cha habari: nafasi hakuna. Basi chukulieni hii ya sayari ya Zuhura, ambayo kwa kawaida huchapishwa "Siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake" na kuachwa hivyo. Nimejaribu kuiandika upya ikae katika kisanduku kilekile:

"Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na hulizunguka Jua kwa siku 225. Lakini hujizungusha kinyume na Dunia, kwa hiyo huko Jua huchomoza magharibi, na kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 tu. Hakiki: zidisha 243 kwa 225, gawa kwa jumla yao."

Ni maneno yasiyofika 50. Na mwanafunzi atakayegawa kwa *tofauti* yao badala ya jumla atapata siku karibu 3,000, ambao ndio urefu wa siku ya Zuhura kama ingekuwa inajizungusha upande wetu.

Wenu,
Msomaji wa visanduku