Kabla ya kutundika sura ya mtu ukutani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Msomaji wako mmoja ameandika kuwa wasanii wa Zanzibar ni waoga. Kwa maneno yake, wenzetu wa Afrika Kusini wanatundika picha za wapenzi wa jinsia moja kwenye kumbi kubwa za dunia, na sisi bado tunachora milango na majahazi ya kuwauzia watalii. Hilo la majahazi simbishii, ukipita mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, utachoka kuyahisabu. La uoga nataka kulijibu, kwa sababu mkate wangu natafuta kwa kamera.

Napiga picha za harusi, upande wa wanawake. Aliyewahi kwenda kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama biharusi, anajua mambo yalivyo: simu zinaachwa mlangoni, na mlangoni kakaa shangazi asiyesikia la mtu. Ndani mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, biharusi yuko jukwaani na hina imempanda mpaka kiwikoni. Napiga mamia ya picha, na hakuna hata moja ninayoweza kuibandika dukani kwangu kujitangazia biashara. Kadi ya kamera namkabidhi mwenye shughuli, na kwenye kompyuta nafuta. Picha ya mke wa mtu bila ya mtandio ikionekana mtaani, nitakayeulizwa ni mimi. Hakuna aliyewahi kuniita mwoga kwa hilo. Picha ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema nani aione.

Sasa akanijia mratibu mmoja wa maonyesho kutoka nje. Anataka nimtafutie watu wanaopenda wa jinsia yao, wakae mbele ya kamera uso wazi, picha zikatundikwe Ulaya. Nikamuuliza, zikirudi huku je? Kanambia watazamaji wake ni wa kule. Mtu mzima, simu iko mkononi mwake, ananambia hivyo!

Namjua Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, ambaye nadhani ndiye msomaji wako aliyemkusudia. Mradi wake wa Faces and Phases ulianza mwaka 2006: picha nyeusi na nyeupe za wanawake weusi wanaopenda wanawake, na za watu waliobadili jinsia, wanakutazama machoni, na chini yake jina, mahali na mwaka. Ni kazi nzito, na mimi kama mpiga picha naihusudu kwa namna mwanga ulivyotulia kwenye ngozi. Lakini tuangalie imefanyiwa wapi. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya anayempenda, na mwaka huohuo wa 2006 nchi ile ikaruhusu ndoa za jinsia moja. Na pamoja na hayo yote, mwaka 2009 waziri wa sanaa wa nchi hiyo alitoka kwa hasira kwenye maonyesho yaliyokuwa na picha za Muholi. Mwaka 2012 wezi waliingia nyumbani kwake Cape Town wakaondoka na diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka. Hao ndio wenye katiba.

Sisi mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuongeza makali ya adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja. Picha yenye uso na jina hapa inaweza kugeuka ushahidi. Hata isipofika mahakamani, itafika kwa mwenye nyumba na kwa baba mzazi. Mratibu atakuwa kesharuka zamani.

Visiwa hivi vinastahamili sana, lakini kwa aliyekufa na akawa maarufu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyejulikana pia kwa kupenda wanaume, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Mwaka 2006 sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, kuipinga. Tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani, tiketi zinauzwa na watalii wanajipiga picha mlangoni. Kijana aliye hai wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini, mwenye mapenzi hayohayo, hatajengewa makumbusho.

Sisemi msanii asiliguse jambo hili. Nasema zipo njia nyingine zaidi ya uso. Rotimi Fani-Kayode, Mnaijeria aliyefia London mwaka 1989, aliwapiga wanaume wengi nyuso zimefichwa na kinyago au zimeinamishwa, na hakuna anayetazama asielewe. Karibu zaidi na sisi, Kawira Mwirichia wa Kenya mwaka 2017 alionyesha Nairobi kanga alizozibuni mwenyewe kusherehekea mapenzi ya aina hii katika nchi mbalimbali. Kanga kamili, yenye pindo, mji na jina! Mwanamke wa Unguja anayejua kumpiga jirani kijembe kwa kanga aliyojitanda hahitaji kufundishwa vipi kitu kinasemwa hadharani bila ya kumtaja mtu. Hapo wasanii wetu wana mtaji ambao Cape Town hawana, na hapo ndipo ningekubali tulaumiwe kwa uvivu.

Wapo watakaotaka hata kanga hiyo iteremshwe. Hao nawaomba wasimame mbele yake kwanza, waitazame. Wengi hawatofika hata mlangoni, wataisikia kwa watu.

Kama msomaji wako anao ukumbi na nia yake njema, aje tuzungumze, duka langu si la kulitafuta. Aje na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, inayosema nani atabaki na picha, zitaonyeshwa wapi, na kwamba aliyepigwa akibadili mawazo hata siku ya ufunguzi, picha yake inashushwa bila ya kuulizwa kwa nini.

Wasalaam,
Mpiga picha wa harusi
Mkunazini, Unguja