Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara Zanzibar: anayenunua gemu naye ni mtumiaji

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya biashara,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete kuhusu bidhaa ambayo huenda haijawahi kufika mezani kwako, ingawa vijana wa Unguja na Pemba wanaitolea pesa kila siku: gemu za kompyuta, za PlayStation, za Xbox na za Nintendo. Ombi langu ni kwamba ulinzi anaopewa mnunuzi wa mchele na mafuta umfikie na mnunuzi wa gemu. Leo hana pa kushitakia.

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu huunganishwa nazo kwa intaneti, za The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotoka Disemba 2014. Watu waliilipia bei kamili, na wengine CD yake wanayo kabatini mpaka sasa. Hata ukitaka kuendesha gari peke yako, bila mpinzani yeyote, haifunguki, kwa sababu ilitengenezwa iwe inaulizia seva kila unapoiwasha. Haikuishia hapo. Siku chache baadaye waliokuwa nayo kwenye akaunti zao wakakuta imeondolewa. Fundi aliyekuuzia mlango hawezi kurudi baada ya miaka tisa akaung'oa kwa kuwa amechoka kuutia mafuta bawaba, lakini kwenye gemu hilo limefanyika, na wengi hawakurudishiwa hata senti.

Nasema kwa uchungu kwa sababu haikuwa lazima. Ubisoft hiyo hiyo, baada ya wachezaji kupiga kelele, iliahidi kuiwekea The Crew 2 njia ya kuchezwa bila intaneti, na mwaka 2025 ikatimiza. Sony, kampuni ya PlayStation, nayo ilipoona gemu yake ya Concord imekosa wachezaji, iliifunga tarehe 6 Septemba 2024, wiki mbili tu tangu iingie sokoni, ikawarudishia wanunuzi pesa zao. Kwa hiyo atakayekwambia kuwa teknolojia ndivyo ilivyo na hakuna la kufanya, usimkubalie. Kinachokosekana ni mtu wa kuzibana kampuni.

Wenzetu wameshaanza kuzibana. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi waziwazi kama anachopewa ni leseni tu, yaani ruhusa ya kutumia, inayoweza kufutwa. Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, baada ya kufungwa kwa The Crew ilivuka saini milioni 1 mwezi Julai 2025, ikiutaka Umoja wa Ulaya uzilazimishe kampuni ziache gemu katika hali ya kuchezeka hata zikiacha kuihudumia. Hawadai kwamba seva ziendeshwe milele. Nami nimeiunga mkono kampeni hiyo kwa moyo wote, ingawa saini yangu haihesabiki kwa kuwa mimi si raia wa huko.

Sasa niseme letu, maana sisi tuna tatizo ambalo wao hawana.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Mashine zinaletwa kutoka Dubai, zinauzwa mchana kweupe, ushuru unalipwa, lakini kijana wa Chake Chake akitaka kufungua akaunti hana budi ajiandikishe kama mkaazi wa Uingereza au wa Afrika Kusini. Kuanzia hapo ananunua kila kitu kwa jina la nchi asiyoishi. Akaunti ikifungwa atalalamika kwa nani? Mei 2024 jambo hili lilijitokeza mbele ya dunia nzima. Sony ilitangaza kuwa wanaocheza gemu yake ya Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, na mara gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haipo. Watu walikwishailipia na kuicheza tangu Februari. Wachezaji wa dunia nzima walikuja juu, na ndani ya siku chache Sony ikalifuta sharti lile. Nilifurahi, lakini nilijiuliza vilevile: katika nchi zote zile, serikali ngapi ziliwasemea watu wao?

Halafu kuna bando. Nintendo Switch 2 ilitoka Juni 2025, na baadhi ya gemu zake zinauzwa kwa kadi ambayo ndani haina gemu yenyewe. Ina ufunguo tu, gemu unaipakua. Kwa mtu wa London hilo ni dogo. Kwa mzee wa Mkoani aliyemletea mwanawe zawadi ya sikukuu, ni gharama ya pili ambayo hakuna aliyemtajia dukani, kwani gemu kubwa za siku hizi zinafika hata GB 100. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa gemu ya mkononi katika duka moja mjini, nikahakikishiwa kuwa inachezeka bila mtandao. Haikuchezeka. Muuzaji alikataa kuirudisha, na pengine naye hakuwa akijua anachouza.

Mheshimiwa, nakuletea suala hili wewe kwa sababu kumlinda mtumiaji si jambo la Muungano. Zanzibar ina Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara na ina sheria yake. Naomba Tume itoe mwongozo kwa wenye maduka wa Darajani, Michenzani, Chake na Wete: kabla ya kupokea pesa, waseme kama gemu inahitaji intaneti kila wakati, kama CD au kadi ina gemu ndani au ni ya kupakua, na ukubwa wa kupakua. Asiyesema, mnunuzi awe na haki ya kurudisha. Hili linawezekana mwaka huu bila kusubiri sheria mpya.

Kwa kampuni za nje, najua mkono wa Zanzibar peke yake haufiki mbali. Lakini barua ya Serikali, ikipitia wenzenu wa Bara, kuiuliza Sony kwa nini wateja wake wa Tanzania hawana akaunti za nchi yao, ni jambo la heshima na lina uzito ambao mimi sina.

Utaambiwa kuwa haya ni mambo ya watoto. Nenda jioni yoyote kwenye kibanda cha gemu, umwone kijana aliyekopa kununua mashine mbili na televisheni, analipa kodi ya chumba na umeme kwa pesa za wanaokuja kushika pedi kwa zamu. Siku seva ya gemu anayoitegemea ikizimwa, yeye ndiye anayefunga mlango.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mcheza gemu, Wete, Pemba