Jessica Valenti ni mwandishi wa safu, si "mwanadada machachari"

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipopandisha bei nilinyamaza, na mlipobadilisha herufi zikawa ndogo kiasi cha kutuumiza macho nilinyamaza pia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Jessica Valenti wa Marekani ndiyo iliyonishinda. Kurasa mbili nzima, picha tatu, na kichwa cha habari kinachomwita "mwanadada machachari wa mitandaoni". Aliyesoma kurasa hizo mpaka mwisho anajua kwamba mama huyo ana mume na mtoto, lakini hajui kazi yake inafanywaje, inalipwaje, wala imemgharimu nini. Mmeandika maisha ya mwandishi, uandishi wenyewe mkauacha nje.

Nianze na makosa. Mmesema alianzisha blogu ya Feministing peke yake. Aliianzisha mwaka 2004 pamoja na mdogo wake, Vanessa, akiwa na miaka 25, baada ya kusomea shahada ya uzamili ya masomo ya wanawake na jinsia katika Chuo Kikuu cha Rutgers. Mmesema blogu ile ilimpa utajiri. Feministing iliendeshwa kwa kujitolea. Walioiandikia walikuwa na ajira nyingine za mchana, na fedha ya matangazo haikutosha kulipa mishahara. Mwaka 2013 Vanessa Valenti na Courtney Martin walitoa ripoti kupitia Chuo cha Barnard, wakaeleza waziwazi kwamba kazi ya wafeministi wa mtandaoni, yaani watetezi wa usawa wa wanawake, inategemewa na wengi huku wanaoifanya wakichoka bila malipo. Mwishoni mwa 2019 blogu ikafungwa. Na mmesema kwamba mwaka 2016 "aliacha kuandika". Hakuacha. Julai 2016 alijiondoa kwenye mitandao ya kijamii baada ya mtu kutishia kumbaka na kumuua binti yake wa miaka mitano. Kalamu hakuiweka chini. Leo ana jarida la barua pepe alilolianzisha mwaka 2022, mwaka ambao Mahakama ya Juu ya nchi yao iliifuta hukumu ya Roe v. Wade ya 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba, na humo anafuatilia sheria za utoaji mimba jimbo kwa jimbo, karibu kila siku. Wasomaji wanalilipia. Hayo ndiyo maisha ya mwandishi wa safu ya siasa: kusoma miswada, kusoma hukumu, kulinganisha maneno ya sheria na maneno ya mwanasiasa, kisha kuandika kabla saa haijafika.

Badala yake mkachagua picha. Nadhani hamjui kwamba picha ni kidonda cha zamani katika habari ya mwandishi huyu. Septemba 2006 Bill Clinton aliwaalika wanablogu kadhaa kwenye chakula cha mchana mtaani Harlem, New York. Walipiga picha ya pamoja, Valenti akiwa mstari wa mbele. Kabla hata yaliyozungumzwa mezani hayajajadiliwa, profesa mmoja wa sheria akaanza kuandika hadharani kuhusu alivyosimama na nguo aliyovaa, na kifua chake kikawa mada ya watu wazima kwa siku nyingi. Miaka imepita, na ninyi mmeweka picha kubwa kuliko maandishi.

Kuna jambo moja ambalo kama mngeliandika peke yake lingetosha kujaza ukurasa. Aprili 2016 gazeti la Guardian la Uingereza, ambako Valenti alikuwa na safu, lilichambua maoni milioni 70 ya wasomaji yaliyoachwa kwenye tovuti ya gazeti hilo tangu mwaka 2006. Maoni milioni 1.4 yalikuwa yamezuiwa na wasimamizi kwa kukiuka kanuni. Gazeti likatazama waandishi kumi walioandamwa kuliko wote: wanane walikuwa wanawake, wawili waliobaki walikuwa wanaume weusi. Aliyeongoza orodha ni Valenti. Kwenye makala za kriketi, mbio za farasi, chemshabongo na muziki wa jazz, watu walizungumza kistaarabu. Kwenye makala za ufeministi na za ubakaji, matusi yalifurika. Tena kadiri sehemu ya gazeti ilivyotawaliwa na waandishi wanaume, kama michezo na teknolojia, ndivyo mwanamke aliyethubutu kuandika humo alivyozuiliwa maoni mengi zaidi ya matusi. Hapo mwandishi wenu angeuliza swali la maana: je, gazeti letu limewahi kuhesabu? Nani hapa anasoma maoni yanayotupwa chini ya safu za vijana wetu wa kike, na akishayasoma anayapeleka wapi?

Hadithi ya Valenti tunayo hapahapa Tanzania, Ndugu Mhariri, wala haihitaji visa ya Marekani. Mwandishi mmoja kijana, ambaye sitamtaja wala kulitaja gazeti lake, alipewa safu ya siasa ya maneno 800 kila Jumapili, makala ifike Alhamisi saa kumi jioni. Wiki moja aliandika kuhusu ndoa za utotoni. Kazi aliifanya kama inavyotakiwa. Alisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, kinachoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kinachoiruhusu mahakama kutoa kibali hata akiwa na miaka 14. Alisoma kifungu cha 17 kuhusu ridhaa ya wazazi. Akasoma hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 8 Julai 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, iliyosema vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, kisha hukumu ya Mahakama ya Rufani ya tarehe 23 Oktoba 2019 iliyoitupa rufaa ya Serikali. Alitaja tarehe zote. Jumamosi jioni likaingia tangazo, na mhariri msanifu akakata makala kutokea chini bila kumpigia simu. Kukata kutokea chini ni sawa kwa habari, kwa sababu habari huweka kizito juu na chepesi chini. Safu haijengwi hivyo. Hoja ya safu hupanda kidogokidogo, na ushahidi mkuu mara nyingi huwa katika aya mbili za mwisho. Zilizoondoka ni hukumu zote mbili. Kama hiyo haikutosha, sentensi ya kifungu cha 13 ilifupishwa, maneno "kwa kibali cha mahakama" yakadondoka, na gazeti likatoka likisema sheria inaruhusu mtoto wa miaka 14 kuolewa, nukta. Jumatatu asubuhi wanasheria wakamrarua, na walikuwa na haki, kwa sababu sentensi ile ilikuwa na kosa. Baada yao wakaja wasio wanasheria: matusi, namba yake ya simu ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, akaambiwa mtaa anaoishi unajulikana. Kwa hofu akafuta ujumbe wote. Alipofika kituo cha polisi alipewa RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, lakini mkononi hakuwa na kitu cha kuonyesha. Gazeti halikuchapisha marekebisho. Malipo ya safu ile aliyapata baada ya miezi mitano. Sasa anaandika taarifa kwa vyombo vya habari katika kampuni moja, na safu yake amepewa bwana mmoja anayeandikwa "mchambuzi nguli".

Mnasifu ujasiri wa Valenti aya nzima. Ujasiri haukosekani kwa vijana wetu. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwandishi, siku anayopewa safu, nini cha kufanya vitisho vikianza. Hakuna ugumu wowote. Usifute kitu. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe mzima, jina la akaunti, tarehe na saa. Nakili pia kiungo cha akaunti yenyewe, kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja na picha yako inabaki haina mwenyewe. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe yote kama faili, na ujumbe wa awali ubaki kwenye simu, maana mpelelezi atataka kuuona pale ulipopokelewa. Mpe mtu mwingine nakala siku hiyohiyo. Akaunti zako zifunge kwa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri ya muda, na namba hiyo itoke kwenye programu badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine na namba za siri zikaingia kwake. Kisha nenda polisi na kifungu mkononi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha au kumsumbua. Mambo hayo yanaenea kwenye karatasi moja ya A4. Utafiti wa UNESCO na kituo cha kimataifa cha waandishi wa habari cha ICFJ, uliowahoji waandishi wa nchi 125, ulikuta wanawake 73 katika kila 100 waliojibu wamewahi kushambuliwa mtandaoni. Kwa hesabu hiyo, kumkabidhi msichana safu bila karatasi ile ni uzembe wa mwajiri.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niliseme na hili la majina, maana nimelivumilia mno. Mwanaume akiandika siasa kwenu ni "mchambuzi". Akiandika mara mbili ni "mchambuzi mkongwe". Mwanamke akiandika siasa ni "mwanaharakati", na akiwa chini ya miaka 35 ni "mwanadada" au "mrembo". Mwanaharakati ni kazi ya heshima, lakini ni kazi nyingine. Ukimwita hivyo mtu aliyesoma bajeti ukurasa kwa ukurasa, umemwambia msomaji kwamba anachosoma ni shauku, si uchambuzi. Ufuatiliaji wa vyombo vya habari duniani unaofanyika kila baada ya miaka mitano ulikuta mwaka 1995 wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaosikika na kutajwa katika habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Miaka 25, pointi nane! Nchi hii ilikuwa na TAMWA, chama cha wanawake waandishi wa habari, mwaka 1987, na mwaka uliofuata jarida la Sauti ya Siti likawa mikononi mwa wasomaji, limebeba jina la Siti binti Saad, limeandikwa na wanawake waliokuwa waandishi wa habari kamili. Leo warithi wao mnawaita wanadada.

Ninachoomba kinawezekana bila kuongeza hata mfanyakazi mmoja. Vocha ya malipo ya mwandishi wa safu ifunguliwe siku makala inapoingia ukurasani, na alipwe kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kama mnavyomlipa mwenye mtambo wa kuchapa. Tangazo likiingia dakika za mwisho, mwandishi apigiwe simu, apewe dakika 20, apunguze mwenyewe maneno 150. Yeye ndiye anayejua tofali lipi likitoka ukuta unabaki umesimama. Ikishindikana kumpata, itoke aya ya mfano, isitoke aya ya ushahidi. Neno lolote lililonukuliwa kutoka kwenye sheria lisiguswe na msanifu, hata koma. Maoni ya mtandaoni chini ya safu yasimamiwe na watu wawili kwa zamu, kuanzia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, na yafungwe saa nne usiku ofisi inapobaki na mlinzi peke yake. Vitisho viandikwe kwenye daftari la ofisi, na daftari likae kwako wewe Mhariri, ili mwandishi asilazimike kuyasoma tena matusi yake kila anapotakiwa kueleza. Namba ya wakili wa gazeti apewe pamoja na mkataba. Na picha yake juu ya safu iwe sawa kwa ukubwa na ya yule mchambuzi mkongwe wa ukurasa wa saba.

Yale marekebisho matatu kuhusu Valenti, la mdogo wake Vanessa, la utajiri, na la kuacha kuandika, naomba myachapishe Jumapili hii, kwenye ukurasa uleule wa makala, si chini ya tanzia.

Mhariri msanifu mstaafu,
Mwenge, Dar es Salaam