Wanangu mnaotutumia makopo ya magnesiamu, nisikilizeni kidogo

Wanangu na wajukuu mlioko mjini na ughaibuni, hamjambo. Mimi bibi yenu ni nesi mstaafu, leba nimeikalia miaka mingi, na nawaandikia kuhusu haya makopo ya vidonge vya magnesiamu mnayotuma nyumbani kila mtu akisafiri. Nia yenu njema, tunashukuru sana.

Magnesiamu ni madini muhimu kweli, moyo, misuli, mifupa vyote vinaitegemea. Mwilini iko kama gramu 25 hivi na zaidi ya nusu imekaa kwenye mifupa, kwenye damu haifiki hata asilimia 1, ndo maana mzee anapimwa damu anaambiwa yuko sawa kumbe akiba imepungua. Na uzeeni utumbo unafyonza kidogo, mkojo unaondoka na nyingi, weka na ugonjwa wa sukari, weka zile dawa za presha zinazokojoza, na omeprazole, ile dawa ya asidi tumboni, ambayo wazee wanakunywa hata mwaka mzima hakuna anayeuliza. Hapo siwapingi.

Ila figo jamani. Leba tulikuwa tunachoma magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, dawa imeokoa wengi mno, lakini kabla ya dozi inayofuata lazima umgonge goti uone mguu unaruka, uhesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, uangalie mfuko wa mkojo, mkojo ukiwa kidogo dozi unaisimamisha, manake dawa inatoka mwilini kupitia figo na isipotoka inalegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kidonge dozi yake ni ndogo, najua, na figo nzima inatoa ziada yenyewe, lakini baba ana presha ya miaka na miaka, figo zake mnajua zikoje? Mpelekeni apimwe kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, kopo lisubiri.

Halafu miguu kukakamaa usiku, ambayo ndo sababu wengi mnatuma, tafiti kwa wazee hazijaonyesha kwamba vidonge vinasaidia cha maana. Presha nayo inashuka kidogo tu.

Hela hiyo iende jikoni. Mzee wa kiume anahitaji kama miligramu 420 kwa siku, wa kike 320, na kiganja kimoja cha mbegu za maboga zilizokaangwa kina karibu 150, na mbegu zenyewe tunamwaga kila tukipika boga, inaniuma. Sembe mnayomnunulia imekobolewa, pumba na kiini vimeenda kwa kuku na magnesiamu nyingi imeenda humo humo, mnunulieni dona. Kama meno yameisha, karanga zisagwe ziungwe kwenye mchicha, maharage yaive mpaka yapondeke. Mwenye figo zilizochoka hata mboga aulize daktari.

Kopo lililokwisha kufika msilitupe, aende nalo kliniki kwenye mfuko mmoja na dawa zake zote, maana magnesiamu ikinywewa pamoja na antibiotiki kama doxycycline au ciprofloxacin inazuia dawa isiingie mwilini vizuri, na daktari asipoliona hilo kopo hawezi kumpangia masaa.