Kwa fundi wangu, kutoka Nürnberg

Nürnberg, Ujerumani, Juni

Fundi wangu mpendwa,

Habari za Marangu? Natumaini masika yameisha na mchanga umekauka. Mimi sijambo.

Jana nilizunguka Johannisfriedhof, makaburi ya Walutheri wa hapa, nikawa nakukumbuka wewe na mwiko wako, na lile kaburi la baba ambalo ndugu zangu wanataka ulijengee paa na marumaru. Paa sikuona, marumaru sikuona. Ni mabamba mazito ya jiwe-mchanga yaliyolala chini, kipimo kimoja, yamepangwa kama vitanda vya bweni, na waridi katikati. Baraza la mji ndilo lililoamuru hivyo karne ya 16: tajiri na mshona viatu wapate jiwe lile lile. Ungekosa kazi!

Ila watu ni watu. Walipokatazwa kushindana kwa ukubwa, wakashindana kwa shaba. Juu ya jiwe wanabandika kibao cha shaba nyeusi chenye jina, nembo ya ukoo, pengine na alama ya kazi ya marehemu. Chako sijui kingekuwa na mwiko au timazi.

Kwa Albrecht Dürer, yule mchoraji aliyefariki 1528, nilikaa sana. Amezikwa kwenye kaburi la ukweni! Kwetu si wangeitisha kikao cha ukoo? Kibao chake, kwa Kilatini, hakisemi amekufa, kinasema amehama. Rafiki yake Pirckheimer, aliyeyatunga maneno hayo, amelala makaburi hayo hayo.

Mahali penyewe palianza na nyumba ya wakoma, nje ya ukuta wa mji. Tauni ndiyo iliyofanya maziko yatolewe mjini, na Nürnberg ilipoingia Ulutheri mwaka 1525, eneo lilikuwa limeshatanuliwa.

Kuna kikanisa cha duara, cha ukoo wa Holzschuher, kilichojengwa na Hans Beheim muda mfupi kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaliyoleta Ulutheri. Ndani mna sanamu za mawe za maziko ya Yesu, ukubwa wa mtu kamili, kazi ya Adam Kraft. Ndipo inapoishia Njia ya Msalaba aliyoichonga kuanzia lango la mji. Walutheri wangeweza kuzitupa. Wameziacha.

Sasa, lile kaburi la baba: marumaru usiagize kwanza, na paa tusahau. Ndugu zangu wakikubana, waambie mgongo unakuuma hadi nirudi.

Wasalimie mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako